Akaunti ya benki kwa mwanachuo: maswali mnayoniuliza kila msimu wa bumu

Kila mwaka vyuo vikifungua, mwezi wa kumi mpaka wa kumi na moja hivi, wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wananitumia meseji zile zile. Nifungue benki gani, mbona bumu langu (hela ya matumizi ya mkopo) halijaingia, mbona hela imeisha na bado wiki tano. Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niyaweke yote sehemu moja. Naongelea Tanzania, na zaidi naongea na wewe unayetegemea mkopo wa HESLB, yaani bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ila hata kama unalipiwa na mzazi mengi yatakuhusu.

Kwani lazima nifungue akaunti? Si laini yangu ya simu inatosha?

Kama una mkopo wa bodi hapo hakuna mjadala, utatakiwa ujaze namba ya akaunti ya benki kwenye SIPA, ile akaunti yako ya bodi ya mikopo. Kama huna mkopo, bado mi nakushauri ufungue. Hela iliyoko kwenye simu ni kama hela iliyoko mfukoni, unaitoa bila kufikiria, vocha, kiepe, rafiki kakupigia anataka buku tano, imeondoka. Ya benki inakulazimisha kidogo unyanyuke au ufungue app uwaze. Alafu angalia makato, ukiwa unatoa elfu tano tano kwa wakala wa simu mara kumi unalipa makato mengi kuliko ukitoa elfu hamsini mara moja, na wanafunzi wengi tunatoa hivyo hivyo kidogo kidogo bila kujumlisha mwisho wa mwezi.

Haya, benki gani sasa?

Siwezi kukutajia moja nikasema hii ndio, kwasababu inategemea unasoma wapi na kwenu ni wapi. Ila njia ya kuchagua naijua. Wiki ya kwanza benki zitakuja na mahema pale chuoni, watagawa fulana, kalamu, muziki unapiga, na wewe una foleni ya usajili imekuchosha unasaini popote. Usifanye hivyo. Chukua siku moja uzunguke kwa miguu kuanzia hosteli mpaka darasani mpaka pale unapokula, uhesabu ATM na mawakala unaokutana nao ni wa benki gani. Hiyo ndio benki itakayokupunguzia makato, kwasababu ukitoa hela kwenye ATM ya benki nyingine makato yanakuwa makubwa kuliko ya benki yako, na ukifanya hivyo miaka mitatu ni hela nyingi.

Kisha fikiria nyumbani. Likizo unarudi Namtumbo au Kibondo, kuna nini huko? NMB wanasifika kwa kuwa na tawi karibu kila wilaya, CRDB nao wametapakaa sana na mawakala wao wako mpaka vijijini, NBC wako zaidi mijini. Mtu wa Zanzibar anayesoma SUZA, chuo kikuu cha huko huko, akiwa na PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, yuko sawa kabisa, ila yule yule akija kusoma Dodoma itabidi awaze upya. Ndo maana nikasema uangalie miguu yako inapita wapi, sio rafiki yako kafungua wapi.

Na kabla hujasaini muulize mhudumu akujibu kwa kinywa na kwa karatasi: kuna makato ya kila mwezi? kadi ni shilingi ngapi na ikiisha muda nalipia tena? kuangalia salio kwenye ATM mnakata? kuhamisha kwenda kwenye simu mnakata kiasi gani? Wana orodha ya makato, wana wajibu wa kukuonyesha, iombe na uipige picha. Mhudumu akikuzungusha kwenye swali hilo nenda hema la jirani.

Akaunti ya mwanachuo ina tofauti gani na ya kawaida?

Tofauti kubwa ni makato ya mwezi, za wanachuo ama hazina ama ni madogo, na kianzio ni kidogo. NMB wana Mwanachuo, CRDB wana Scholar, na benki nyingine nazo zina za kwao. Lakini hakikisha kweli umefunguliwa hiyo. Nimeona watu zaidi ya mmoja wamejaza fomu wakijua ni ya mwanachuo kumbe mhudumu kawafungulia ya kawaida, wanakatwa kila mwezi na hawajui mpaka waombe taarifa ya akaunti. Na ujue ada za benki huku bara zina VAT, kodi ya ongezeko la thamani, juu yake, ilianza Julai 2016 kwa asilimia 18, kwahiyo ukitajiwa ada uliza kama hapo kodi imo au bado.

Vinatakiwa vitu gani?

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ile yenye tarakimu 20. Kadi yenyewe kama haijatoka sio shida, namba inatosha. Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, sio ya shangazi. Kitambulisho cha chuo au barua ya udahili, picha ndogo, na hela ya kianzio. Baadhi ya matawi wanataka barua ya serikali ya mtaa au ya chuo, kwahiyo ulizia kabla hujapanga foleni.

Siku hizi kuna akaunti unafungua kwa simu tu kwa kutumia NIDA, ndani ya dakika chache. Ni nzuri kwa akiba, ila nyingi zina kikomo cha kiasi kinachoweza kukaa au kuingia, sasa kabla hujaipeleka bodi uliza kikomo ni kiasi gani.

Kama hujafika miaka 18 bado huna NIDA, benki wana akaunti za vijana zinazofunguliwa kupitia mzazi au mlezi. Ukifika 18 badilisha haraka.

Majina yangu yanatofautiana, cheti cha form four kina majina mawili, NIDA matatu. Kuna shida?

Inaweza kuwepo, na usisubiri ikupate. Hakikisha jina lililoko benki linafanana na lililoko kwenye mfumo wa bodi, herufi kwa herufi ikiwezekana, Mohamed na Mohammed kwa mfumo wa kompyuta ni watu wawili. Ikibidi kula kiapo cha majina mahakamani au kwa wakili, kifanye mapema kabla ya chuo kufungua, baada ya hapo utakuwa unagombania muda na vipindi.

Wenzangu wote wamepata bumu, langu halijaingia. Nifanye nini?

Hili najibu kwa uchungu kwasababu lilinipata mimi. Mwaka wa kwanza nilitumia akaunti niliyofungua nikiwa form six, sikuwa nimeigusa karibu mwaka mzima, nikaijaza kwenye mfumo nikijua mambo fresh. Siku bumu limetoka hosteli nzima inanuka chipsi, mimi nafungua salio, sifuri. Siku ya pili sifuri. Nikaenda kwenye tawi, nikakaa foleni toka asubuhi, ndo naambiwa akaunti yako imelala, hela ikija inarudi ilikotoka. Hakuna aliyenipigia, hakuna meseji, na yule mhudumu aliniambia kama vile ni kitu ambacho kila mtu anazaliwa anakijua. Wiki tatu nimekula kwa wenzangu wawili tuliokuwa tunalala chumba kimoja, walikuwa wananipikia maharage bila kuniuliza kitu, mpaka leo nawashukuru.

Kwahiyo utaratibu. Kwanza, je ulisaini chuoni kupokea hela ya mkopo? Kuna watu wanalalamika bumu kumbe hawajasaini, na kama hujasaini hela haiji. Pili nenda benki uulize vitu viwili tu, akaunti yangu iko hai? na kuna hela imekuja ikarudi? Kama imelala iamshe palepale, utajaza fomu, utaonyesha kitambulisho na mara nyingi utaweka hela kidogo. Omba uthibitisho wa maandishi kwamba iko hai na namba ni hii. Tatu chukua ile karatasi upeleke dawati la mikopo la chuo chako, mkabidhi afisa ana kwa ana, usimwachie class representative apeleke. Angalia na wewe mwenyewe kwenye SIPA kama namba ya akaunti haijakosewa tarakimu, hilo nalo linatokea sana. Hela iliyorudi haijapotea, inalipwa tena, ila inalipwa kwa aliyefuatilia.

Nizuieje isilale?

Tumia. Hata likizo ndefu, hata ukiwa fildi (mafunzo ya vitendo), weka buku mbili kwa wakala kila mwezi au hamisha kidogo kwenda kwenye simu. Kila benki ina muda wake wa kusema akaunti imelala, uliza wa kwako ni miezi mingapi. Lakini ukiwa na mazoea ya kila mwezi hata huhitaji kuujua.

Bumu likiingia nalipangaje? Mimi linaishaga ndani ya wiki tatu.

Hapa ndo penyewe. Benki nzuri haikuokoi kama siku bumu linaingia hukuwa na mpango, na mpango unatengenezwa kabla ya ile meseji kuingia, kwasababu ikishaingia kichwa kinabadilika, kila mtu anafanya shopingi na wewe unajiona una haki.

Tufanye hesabu. Fedha ya chakula na malazi ni elfu 10 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500. Mkupuo wa siku 60 ni laki sita. Ukiitazama laki sita kwenye simu unajiona tajiri, lakini ni elfu 10 zilizopangwa mstari mara 60, na ukishanunua viatu vya elfu 60 umekula siku sita ambazo bado hazijafika. Mi nilikuja kupona nilipoanza kuwaza hivyo, kila kitu nakigeuza siku. Simu ya laki mbili? Siku 20. Hapo unajikuta unarudi geto, chumbani kwako, mwenyewe.

Nilichokuwa nafanya: siku bumu linaingia sitoi hata mia mpaka jioni. Jioni nalipa deni kama lipo, lote, kodi ya geto au hosteli kama ndio muda wake, alafu naacha zingine zilale benki. Kila jumapili usiku nahamisha elfu hamsini kwenda kwenye simu, hiyo ndio wiki yangu, kama elfu saba kwa siku, chai na chapati asubuhi, wali maharage mchana, usiku tunapika geto watu wanne tunachanga. Ikiisha ijumaa nakula kwa kubana mpaka jumapili, sirudi benki. Wiki tisa kwa elfu hamsini ni laki nne na nusu, inabaki laki na nusu ya steshenari, kuprinti, nauli na ugonjwa. Na katika hiyo acha kitu, hata elfu hamsini, usiiguse kabisa, kwasababu siku 60 zikiisha bumu linalofuata halikusubirii mlangoni, linaweza kuchelewa, na zile siku za kuchelewa ndo watu wanauza simu zao.

Kama kodi yako ni kubwa namba zitabana kuliko zangu, najua, kuna mtu analipa geto Sinza au Changanyikeni na elfu hamsini kwa wiki kwake ni ndoto. Punguza iwe arobaini, lakini usiache ule utaratibu wa kujilipa kwa wiki. Wengi wenu pia mnatuma nyumbani, mdogo wako anahitaji daftari, mama anaumwa. Hilo sitakukataza, nami nilituma. Liweke kwenye hesabu toka siku ya kwanza kama vile kodi, usilichomoe kwenye chakula wiki ya tano.

Niwe na akaunti mbili?

Ndio kama zote hazina makato ya mwezi. Moja ya bumu, nyingine ya akiba na hii ya pili usichukue kadi kabisa. Ikiwa ina makato, moja inatosha.

Nitoe ATM, wakala au app?

App kwa kuhamisha na kuangalia salio, ATM ya benki yako kwa kutoa, wakala kwa kuweka. Kwa wakala subiri meseji iingie kwenye simu yako kabla hujaondoka, karatasi peke yake isikutoshe. Namba ya siri unabonyeza mwenyewe hata kama wakala ni kaka mnafahamiana.

ATM imekata hela kwenye salio lakini haikutoa noti. Imeenda?

Haijaenda. Piga picha ile mashine na karatasi kama imetoka, andika saa na dakika, piga simu huduma kwa wateja wa benki yako, yaani benki ya kadi yako na sio ya mashine, wakupe namba ya malalamiko. Ikiwa mashine ni ya benki nyingine inachukua siku zaidi. Usipopata jibu andika malalamiko kwa maandishi tawini, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, na wakikaa kimya unaruhusiwa kupeleka Benki Kuu, BoT wana dawati la malalamiko ya wateja wa benki. Wanachouliza kwanza ni kama ulianzia benki yako, ndo maana ile nakala ni muhimu.

Jamaa ananiomba hela yake ipite kwenye akaunti yangu alafu ananipa elfu hamsini. Kuna ubaya?

Mkubwa mno. Mdogo wangu, hapa naomba unisikilize kuliko sehemu zote. Hela ya mtu aliyetapeliwa inahitaji akaunti safi ya kupitia, na akaunti ya mwanachuo ni safi. Yeye kaondoka, jina lililobaki ni lako, NIDA ni yako, picha ya ATM ni sura yako. Akaunti inafungiwa, na bumu likiwa humo nalo limefungiwa, na polisi wanakuja kwako. Sheria ya utakatishaji fedha ipo toka 2006 na haikuulizi kama ulikuwa na shida. Ni vivyo hivyo kwa kukodisha kadi au kusajili laini kwa NIDA yako kisha umpe mtu. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako, usiyoijua ipeleke ikafutwe. Na meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040.

Ada nalipaje?

Vyuo vya serikali ni kwa control number, namba ya malipo ya serikali, tarakimu 12 zinaanza na 99, unaitoa mwenyewe kwenye akaunti yako ya chuo na kulipa benki, wakala au simu. Kabla ya kuthibitisha soma jina la taasisi linalotokea. Mtu yeyote anayekwambia anaweza kukulipia kwa punguzo ni mwizi, hata kama yuko mwaka wa tatu na anajulikana. Risiti itunze mpaka umevaa joho.

Bumu limechelewa, kuna app inakopesha dakika mbili. Nikope?

Hapana. Hizo ni kausha damu, riba yake inakula bumu lote na wanachukua namba za watu kwenye simu yako, siku umechelewa wanampigia mama yako na mhadhiri wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya app na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mtandaoni bila leseni. Hata ile mikopo ya benki na mitandao ya simu yenye leseni, kumbuka inajikata yenyewe hela ikiingia, unasubiri bumu kumbe nusu sio lako tena. Bora uende kwa wenzako mchange unga, au uongee na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, wapo kwa ajili hiyo na wameshasikia shida kama yako.

Mimi sitaki riba kwasababu ya dini.

Haki yako na njia zipo. Amana Bank inafanya kazi kwa misingi ya Kiislamu toka 2011, PBZ wana huduma ya Kiislamu inayoitwa Ikhlas, CRDB wana Al Barakah. Angalia tu matawi na ATM kama nilivyosema juu.

Benki ikifungwa hela yangu inaenda wapi?

Kuna Bodi ya Bima ya Amana, inafidia mpaka shilingi milioni 7.5 kwa mteja kwenye kila benki, zamani ilikuwa milioni 1.5. Sio jambo la kufikirika, Januari 2018 BoT ilifunga benki tano kwa mpigo, zikiwemo za wananchi za Njombe na Meru na ya ushirika wa wakulima ya Kagera. Kwa hela ya mwanafunzi uko ndani ya bima. Ila fidia huchukua muda na bumu halina muda, kwahiyo hata hapo ile akaunti ya pili, kama iko benki nyingine, inasaidia.

Nimepoteza kadi na simu kwa pamoja.

Kimbia, usitafute kwanza. Azima simu, piga benki wafunge kadi na app, kisha mtandao wa simu wafunge laini. Ndo maana nawaambia andikeni namba ya huduma kwa wateja kwenye daftari, kwasababu ile iliyoandikwa nyuma ya kadi inapotea na kadi. Loss report ya polisi inafuata baada ya hapo. Na kama namba ya siri uliandika kwenye karatasi ndani ya pochi hiyo hiyo, hesabu dakika.

Nikimaliza chuo akaunti inakuwaje?

Benki nyingi zinaihamisha kuwa ya kawaida na makato ya mwezi yanaanza kimya kimya. Nenda mwenyewe uulize wanabadilisha lini. Ukiona hutaitumia, toa hela ufunge kwa maandishi, usiitelekeze. Na deni la bodi halihusiani na kufunga akaunti, ukiajiriwa mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi moja kwa moja, ila hilo linahitaji maswali yake na majibu yake, nitaliandika peke yake.